Galaxy A15, A16, A17 au usubiri ijayo? Kupima simu iliyopo dukani na simu iliyopo kwenye tetesi

Simu tatu za Samsung zilizopishana mwaka mmoja mmoja, A15 ya Desemba 2023, A16 ya mwishoni mwa 2024 na A17 ya 2025, katika toleo la 4G zinaendeshwa na chipu (ubongo wa simu) ileile: MediaTek Helio G99. Chipu hiyo ilitangazwa Mei 2022. Ina viini 8 (vitengo vinavyofanya kazi ya hesabu), viwili vikubwa vya 2.2 GHz na sita vidogo vya 2.0 GHz, na hakuna kilichobadilika humo tangu hapo. Aliyeiacha A15 ili asubiri "yenye kasi zaidi", kisha akaiacha na A16 kwa sababu hiyohiyo, amevumilia simu inayoganda kwa miaka miwili akingoja kitu ambacho hakikuwa njiani.

Simu hizi zinatofautiana, lakini kwenye mambo ambayo tetesi huyataja mwishoni kabisa, baada ya megapikseli na picha za rangi mpya.

| | A15 (4G) | A16 (4G) | A17 (4G) |
|---|---|---|---|
| Namba ya modeli | SM-A155 | SM-A165 | SM-A175 |
| Chipu | Helio G99 | Helio G99 | Helio G99 |
| Kioo | inchi 6.5, AMOLED, 90 Hz | inchi 6.7, AMOLED, 90 Hz | inchi 6.7, AMOLED, 90 Hz |
| Betri na chaji | 5,000 mAh, wati 25 | 5,000 mAh, wati 25 | 5,000 mAh, wati 25 |
| Kamera kuu | MP 50, haina OIS | MP 50, haina OIS | MP 50, ina OIS |
| Tundu la hedifoni | lipo | halipo | halipo |
| Kinga ya vumbi na maji | haina kiwango | IP54 | IP54 |
| Android iliyotoka nayo | 14 | 14 | 15 |
| Android ya mwisho iliyoahidiwa | 18 | 20 | 21 |
| Masasisho ya usalama | miaka 5 | miaka 6 | miaka 6 |

Mistari minne tu hapo ndiyo ya kulipia: masasisho, kamera, tundu la hedifoni na kinga ya maji. Kuna wa tano usioonekana kwenye jedwali kwa sababu unabadilika ndani ya modeli moja, nao ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshikilia programu zilizo wazi. Huo ndio unaowaumiza watu wengi kuliko yote.

Masasisho: gawa bei kwa miaka iliyobaki

Miaka ya masasisho huanza kuhesabiwa siku simu ilipoingia sokoni. Siku uliyofungua boksi haihusiki. A15 iliyokaa stoo Kariakoo miaka miwili imeshakula miaka miwili ya haki yako, hata kama nailoni yake haijatolewa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiuchukulie kuwa bei ya soko. A15 inauzwa Sh 450,000, A17 inauzwa Sh 540,000, na unanunua mwanzoni mwa 2026. A15 imebakiwa na karibu miaka 3 ya masasisho ya usalama, A17 karibu miaka 5 na nusu. Ukigawa, A15 inakugharimu Sh 150,000 kwa mwaka, A17 kama Sh 98,000. Iliyo ghali ndiyo rahisi.

Sasa geuza hesabu. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha simu kila baada ya miaka 3, ile miaka miwili na nusu ya mwisho ya A17 hutaitumia. Gawa zote kwa 3: A15 inabaki Sh 150,000, A17 inapanda mpaka Sh 180,000. Jibu limegeuka bila simu kubadilika hata kidogo. Unachopaswa kujua kabla ya kuingia dukani ni mazoea yako mwenyewe: simu yako iliyopita uliitumia muda gani kabla ya kuitupa, kuiuza au kumpa mdogo wako?

Masasisho yenyewe yanafanya nini? Yakiisha, simu haizimi. Kinachotokea ni kwamba matundu mapya ya kiusalama hayazibwi tena, na baada ya miaka kadhaa programu za benki huanza kukataa matoleo ya zamani ya Android. Kwa mtu ambaye simu ndiyo benki yake, jambo hili lina uzito kuliko kioo cha 120 Hz.

RAM: jina moja, simu mbili

A16 ya GB 4 na A16 ya GB 8 zinakaa kwenye maboksi yanayofanana, kava zake zinaingiliana, na mtandaoni zinaitwa jina moja. Ukizitumia ni simu mbili tofauti. Android na huduma zake zinakula sehemu kubwa ya GB 4 kabla hujafungua chochote. Ukifungua WhatsApp yenye magrupu 40, kivinjari na programu ya benki, mfumo unalazimika kuua kimojawapo kilichoko nyuma. Hapo ndipo linapotokea lile tukio linalojulikana: uko kwenye programu ya benki, unatoka kwenda kusoma namba ya uthibitisho kwenye meseji, unarudi, programu imeanza upya na inakuomba nywila tena. Namba uliyosoma imeshapitwa na muda.

Wauzaji hulijibu hili kwa RAM ya kukopa. Simu inachukua kipande cha hifadhi ya ndani na kukihesabu kama RAM, na kwenye baadhi ya maboksi utakuta 16 GB kwa herufi kubwa, kisha chini yake kwa herufi ndogo: 8 GB + 8 GB. Hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM halisi, kwa hiyo kipande hicho husaidia programu zisiuawe haraka, lakini hakiongezi kasi. Namba ya kwanza, iliyo kabla ya alama ya kujumlisha, ndiyo unayonunua. Samsung nao wanayo, wanaiita RAM Plus.

Maoni yetu ni haya, na tunajua wengine hawatayapenda: miaka 6 ya masasisho kwenye RAM ya GB 4 ni ahadi utakayoichoka kabla haijaisha. Kila toleo jipya la Android linataka nafasi zaidi. Kati ya A15 ya GB 8 na A16 ya GB 4 zenye bei zinazokaribiana, mtu anayebadilisha simu kila miaka 3 achukue A15 bila kujiuliza mara mbili. Anayekaa na simu miaka 5 asichukue hata moja kati ya hizo. Atafute A16 au A17 yenye GB 8, au angalau GB 6.

Kamera, tundu na laini

OIS ni lenzi inayojisogeza kidogo kufidia mtikisiko wa mkono. Faida yake huioni mchana. Unaiona ukumbini saa tatu usiku: kamera inaacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, na bila OIS sura ya bibi harusi inatoka na ukungu. Kama unapiga bidhaa za duka lako ndani kwa taa, au unarekodi video ukitembea, A17 ina hoja. Kama picha zako ni za mchana na skrini za risiti, OIS usiilipie. Zile kamera mbili za pembeni, MP 5 na MP 2, ziko vilevile kwenye zote tatu. Ile ya MP 2 ipo zaidi kwa ajili ya kuhesabika.

Tundu la hedifoni liliondolewa kwenye A16. Anayetumia waya atahitaji adapta ya USB-C, na akichomeka adapta ya kawaida hawezi kuchaji wakati huohuo.

Kwenye laini, angalia trei kabla ya kulipa. Nafasi ya pili kwenye simu hizi ni ya kuchagua: laini ya pili au memori kadi, moja kati ya hizo. Mwenye laini mbili na memori kadi yenye picha za miaka mitano atagundua hilo nyumbani, akiwa ameshachana risiti. Kama hali yako ndiyo hiyo, nunua ya GB 256 tangu mwanzo.

IP54 maana yake vumbi na maji ya kurushiwa: mvua ya ghafla ukiwa kwenye bodaboda, sawa, ndoo ya maji, hapana.

Ukitaka kasi, sogea kando

Hapa ndipo wanaosubiri hukosea zaidi. A16 na A17 zina matoleo ya 5G, SM-A166 na SM-A176. Tarakimu ya mwisho ikiwa 5 ni 4G, ikiwa 6 ni 5G. Katika masoko mengi toleo la 5G linatumia Exynos 1330, chipu ya Samsung wenyewe, yenye viini vikubwa vya kizazi kipya zaidi, Cortex-A78 vya 2.4 GHz, dhidi ya Cortex-A76 vya G99. Hata ukikaa mahali ambapo 5G haijafika, simu hiyo itafungua programu upesi zaidi. Kwa hiyo kasi ambayo mtu anaisubiri mwaka mzima mara nyingi iko kwenye rafu ileile, boksi la pili kutoka kushoto. Angalia tu chipu iliyoandikwa, maana baadhi ya A16 5G zimetengenezwa na Dimensity 6300, ambayo viini vyake vikubwa ni A76 vilevile.

Kuhusu 5G yenyewe, Vodacom waliiwasha Tanzania Septemba 2022 na Safaricom wakaanza kuiuza Oktoba 2022, lakini ipo mjini na kwa maeneo. Kama bando lako la GB chache linaisha kabla ya mwezi, mtandao wa kasi utalimaliza mapema tu.

Majina yanayobadilika, chipu inayobaki

Mchezo huu si wa Samsung peke yao. Infinix Note 40 ya 2024 ilikuja na Helio G99 Ultimate. Redmi Note 13 Pro ya 4G ilikuja na G99 Ultra. Maneno hayo ya mwisho ni vibandiko vya biashara; chipu ni G99. Kisha ikaja Helio G100 kwenye Infinix Note 50 na Redmi Note 14 Pro ya 4G: viini vilevile, mpangilio uleule, nyongeza kubwa ikiwa ni uwezo wa kupokea kamera ya MP 200. Ukisikia tetesi kwamba simu ijayo "inahamia chipu mpya", uliza jina la chipu, kisha uliza viini vikubwa ni vya aina gani. Ikiwa bado ni Cortex-A76 viwili, hakuna kilichohama.

Redmi Note 13 Pro na Note 14 Pro za 4G zinafundisha jambo jingine. Betri ilipanda kutoka 5,000 mAh hadi 5,500, kinga ikapanda kutoka IP54 hadi IP64, lakini chaji ikashuka kutoka wati 67 hadi 45. Simu mpya inajaa polepole zaidi kuliko ya zamani. Galaxy A55 na A56 nazo hivyohivyo kwa namna yake: A56 ya Machi 2025 ilipandisha chaji kutoka wati 25 hadi 45 na ikaahidi miaka 6 ya masasisho, lakini ikaondoa nafasi ya memori kadi iliyokuwepo kwenye A55. Na hizo wati 45 huzipati kwa waya wowote. Zinataka kebo ya ampea 5 na chaja inayolingana, ambayo kwa kawaida haimo kwenye boksi. Ongeza gharama hiyo kwenye bei kabla ya kulinganisha.

Tetesi ipi uiamini

Tetesi hazilingani uzito. Zilizo nzito ni zile zinazotoka kwenye vibali, kwa sababu simu haiwezi kuuzwa bila kusajiliwa: FCC ya Marekani, TDRA ya Falme za Kiarabu, TENAA ya China. Vibali huonyesha namba ya modeli, aina za mtandao, vipimo, wakati mwingine betri na nguvu ya chaji. Jina la simu likitokea TDRA, uzinduzi kwa kawaida hauko mbali, na simu nyingi za Dubai huishia kwetu.

Kwenye vibali kuna mtego wa betri. Kinachosajiliwa mara nyingi ni ujazo wa chini kabisa, na kinachotangazwa ni ujazo wa kawaida. Galaxy S23 Ultra ilitangazwa kuwa na 5,000 mAh, na ujazo wake wa chini ni 4,855. Kwa hiyo habari kwamba simu ijayo "imepunguziwa betri hadi 4,855" inaweza kuwa inaizungumzia betri ileile.

Zinazofuata ni alama za majaribio ya Geekbench, programu ya kupima kasi ya simu. Hizi hutaja chipu, RAM na Android, ingawa zinaweza kughushiwa. RAM huonekana pungufu kidogo, kwa mfano 7.2 kwa simu ya GB 8, kwa sababu mfumo umeshajitengea sehemu yake. Michoro ya watengenezaji wa kava huwa sahihi kwenye umbo na upana, kwani wametia pesa kwenye molidi. Picha za kupendeza zilizochorwa na mashabiki zitazame kama picha.

Tetesi za chipu na za teknolojia mpya ndizo huangusha watu. Kwa miezi mingi ilisemwa baadhi ya Galaxy S25 zingetumia chipu ya Exynos 2500. Januari 2025 zikatoka zote na Snapdragon 8 Elite. Mchambuzi Ming-Chi Kuo alisema iPhone 13 ingekuwa na mawasiliano ya setilaiti. Yalikuja na iPhone 14 mwaka uliofuata. Vitufe visivyobonyea vya iPhone 15 Pro vilivumishwa, kisha vikaachwa kwa matatizo ya kiufundi kabla ya uzalishaji. Waliotoa tetesi hizo hawakuwa waongo. Kiwandani mipango hubadilika, na tetesi hupiga picha ya mpango wa siku ile tu.

Kipimo cha haraka: tetesi isipingane na chipu yake. Helio G99 haina modemu ya 5G na video yake inaishia 2K kwa fremu 30. Ukisoma kwamba simu ya G99 itarekodi 4K, au itakuwa na 5G, mwandishi amekosea chipu au amekosea kila kitu.

Bei za tetesi zipuuze. Zikitajwa kwa yuro zina kodi ya Ulaya ndani yake, hazina ushuru wa hapa wala faida ya muagizaji.

Njia ya tatu: simu ya daraja la juu ya zamani

Wengine husema, badala ya A17 mpya nichukue Galaxy S, simu ya daraja la juu ya Samsung, ya mtumba kutoka Dubai. Kamera na kasi ni bora, hakuna ubishi. Lakini soma saa: Galaxy S21 iliishia Android 15 na miaka yake ya usalama ilihesabiwa mpaka mwanzoni mwa 2026, S22 ina mpaka mwanzoni mwa 2027, S23 mpaka 2028. S21 leo ni simu nzuri yenye muda uliokwisha. S23 ndiyo inayofaa kushindanishwa na A17, kama bei inafikika. Uliza bei ya kioo halisi kabla ya kuuliza bei ya simu, maana mstari wa kijani ukijitokeza kwenye AMOLED hautengenezeki. Kioo kinabadilishwa chote.

Kwa iPhone za Ghuba kuna jipya: iPhone 17 zinazouzwa Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain hazina trei ya laini, ni eSIM tupu (laini ya kielektroniki isiyo na kadi), kama za Marekani tangu iPhone 14. Nenda kwanza duka la mtandao wako uhakikishe laini yako ya pesa inahamishika kwenda eSIM.

Basi usubiri au ununue?

Subiri kama unaweza kutaja kitu kimoja kinachokukera kwenye simu iliyopo, na kitu hicho kimeonekana kwenye kibali cha simu ijayo, na simu uliyonayo inaweza kuvuka miezi minne. Kama tatizo lako ni betri inayoisha saa nane mchana au tundu la chaji lililolegea, fundi wa kuaminika atalimaliza kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya, na utasubiri kwa raha. Simu mpya ikitoka, ile iliyotangulia huwa inashuka bei, kwa hiyo hata usipoinunua mpya, kungoja kwako kumekulipa.

Nunua sasa kama sababu ya kusubiri ni kasi tu.

Ukifika dukani, namba ya modeli kwenye boksi ilingane na iliyomo kwenye mipangilio ya simu. Piga *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na boksi. Ukiwa Tanzania, itume IMEI hiyo kwa meseji kwenda 15090 uone kama jina linalorudi ni la simu uliyoshika. Kwenye Samsung piga *#0*#, fungua skrini nyekundu, kijani na bluu, tafuta mstari au doa lililoganda. Zima RAM Plus, kisha soma RAM halisi ya simu. Ingiza laini zako mbili upige simu kwa kila moja. Hakikisha IMEI imeandikwa kwenye risiti kwa kalamu, tarakimu zote 15, ndipo utoe pesa.